Mwalimu wa Kwaya na Wale Watakaoimba Baada Yake

(Maneno ya mwalimu wa kwaya mstaafu kwa viongozi wa kwaya, yaliyosemwa wakati usharika ulipokuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka 100.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kuongoza muziki. Nilipolipokea ombi hilo nilijiuliza, nitasema nini ambacho waalimu wenzangu hawakijui? Kupiga mapigo manne mnajua. Kutoa sauti ya kwanza mpaka ya nne mnajua. Basi nimeona vema nisiwafundishe kazi hii, bali niwasimulie juu ya watu wawili walioifanya, mmoja wa zamani katika nchi ya Ujerumani na mwingine wa siku zetu katika nchi jirani ya Kongo. Kisha nitakiri kosa langu mwenyewe, na mwisho nitaleta ombi mbele ya wazee. Mkinivumilia, nitakuwa nimemaliza kabla ya chai.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Waingereza wana neno moja kwa mtu anayesimama mbele ya wapigaji na waimbaji akiwa na kifimbo mkononi, na kwa yule anayening'inia mlangoni mwa basi akidai nauli. Sisi neno hilo tumelichukua kwa ajili ya basi tu, tukamwita kondakta. Yule wa muziki tumemwita mwalimu. Naona wazee wetu walichagua vizuri. Kwa kumwita mwalimu walikwisha kusema kwamba kazi yake kubwa haiko siku ya Jumapili mbele ya watu, bali iko siku za mazoezi, jioni, taa ikiwa hafifu, na nusu ya sauti ya tatu hawajafika.

Maandiko nayo yanakubali. Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 15, tunasoma juu ya Kenania aliyewekwa kusimamia uimbaji, na sababu inayotajwa ni kwamba alikuwa stadi. Haisemwi kwamba alikuwa na sauti tamu kuliko wote, wala kwamba alikuwa ndugu wa mfalme. Katika sura ya 25 tunaambiwa kwamba waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, nao wakapiga kura za zamu zao wote sawasawa, mdogo kwa mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Naomba mlishike hilo la mwalimu pamoja na mwanafunzi, kwa maana nitalirudia.

Mtu wa kwanza ninayetaka kuwasimulia ni Felix Mendelssohn. Alizaliwa Hamburg tarehe 3 Februari 1809, katika ukoo wa Kiyahudi uliojulikana sana kwa elimu. Babu yake alikuwa mwanafalsafa Moses Mendelssohn. Mwaka 1816 alibatizwa, akalelewa katika imani ya Kiprotestanti. Alipokuwa kijana alipewa nakala ya kazi kubwa ya Johann Sebastian Bach, yaani Mateso ya Bwana wetu kama yalivyoandikwa na Mathayo, iliyotungwa kwa kwaya mbili na okestra mbili. Bach alikuwa mwalimu wa muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Ndiyo kusema, mtu huyu ambaye leo dunia nzima inamheshimu alikuwa na cheo kile kile mlicho nacho ninyi. Baada ya kifo chake kazi hiyo ilikaa karibu kusahauliwa. Wajuzi waliihifadhi na kuisoma, lakini watu hawakuisikia.

Tarehe 11 Machi 1829, mjini Berlin, Mendelssohn aliiongoza kazi hiyo hadharani pamoja na chama cha waimbaji cha mji huo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini tu. Mwalimu wake, mzee Zelter, mwanzoni aliona jambo hilo haliwezekani. Kijana yule pamoja na rafiki yake mwimbaji, Eduard Devrient, walimwendea mzee, wakamsihi mpaka akakubali. Kisha yakaja mazoezi: kupanga waimbaji, kunakili nota, kupunguza sehemu ambazo watu wa siku zile wasingeweza kuzistahimili. Siku ilipofika, watu wengi walikosa nafasi ya kuingia. Ikabidi kazi ile irudiwe siku kumi baadaye, tarehe 21 Machi, siku ya kuzaliwa kwa Bach. Tangu hapo muziki wa Bach umerudi katika vinywa vya watu.

Mwaka 1835 Mendelssohn aliitwa Leipzig kuiongoza okestra ya Gewandhaus. Huko hakuongoza tu. Alichagua nyimbo za kila tamasha, akawarudishia watu kazi za wazee waliotangulia, akatetea malipo ya wapigaji wake. Mwaka 1843 alianzisha chuo cha muziki ili wengine wajifunze. Alifariki tarehe 4 Novemba 1847, akiwa na umri wa miaka 38. Chuo kilibaki, na okestra ipo hata leo.

Kwa nini nawasumbua na habari za Leipzig? Kwa sababu mwaka uliofuata kifo chake, yaani 1848, chama cha misioni kilichoanzishwa Dresden kilihamia katika mji huo huo, kikajulikana kuwa Misioni ya Leipzig. Wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamekwisha kufika Iramba, katika uwanda wetu huu. Baada ya vita hiyo, katika miaka ya 1920, ndugu wa Augustana kutoka Marekani waliichukua kazi hiyo na kuiendeleza. Kwa hiyo tunapofungua kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana na kukuta tuni za Kijerumani, tujue kwamba hazikutufikia kwa bahati tu. Zilitoka katika miji ambayo kabla yetu watu walikuwa wameamua kuzitunza.

Sasa niwapeleke Kinshasa. Najua wengine watashtuka, kwa maana nitasema juu ya mtu wa Kanisa la Kimbangu, na tofauti za mafundisho kati yetu na kanisa hilo ni kubwa. Hapa si mahali pa kuzijadili. Lakini mtu anaweza kujifunza kulima vizuri kutoka kwa jirani asiyesali naye.

Simon Kimbangu alianza kuhubiri katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1921. Mwaka huo huo alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani mwaka 1951, baada ya miaka thelathini. Waumini wake waliishi muda mrefu wakiimba kwa siri. Baadaye kanisa hilo lilijulikana sana kwa kwaya zake, matarumbeta yake na vikundi vyake vya wapiga filimbi. Mwanawe, Joseph Diangienda, aliliongoza kanisa hilo mpaka alipofariki mwaka 1992. Na mtoto wa huyo, Armand Diangienda, ndiye ninayetaka mumjue.

Armand Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Kazi hiyo ilipokoma, hakwenda kutafuta ndege nyingine. Mwaka 1994 alikusanya watu wachache wa kanisa lake, wasiojua kupiga fidla, naye mwenyewe hakuwa amesoma chuo chochote cha muziki, akaanzisha okestra ya kupiga muziki wa akina Bach, Handel na Beethoven. Fidla zilikuwa chache kuliko watu. Basi walijifunza kwa zamu: huyu anapiga kidogo, anampa mwenzake, anakaa kusikiliza. Uzi wa fidla ukikatika na duka la nyuzi halipo, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Vyombo vingine vikubwa walivichonga wenyewe. Nota walizinakili kwa mkono.

Tuitazame nchi yenyewe katika miaka ile. Kongo ilipita katika vita, na Kinshasa yenyewe iliporwa mara kwa mara. Wanamuziki hao mchana walikuwa wachuuzi sokoni, mafundi umeme, mafundi cherehani, mama wenye watoto mgongoni. Jioni walitembea mwendo mrefu kwenda mazoezini. Umeme ulikatika katikati ya wimbo. Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu juu yao, iitwayo Kinshasa Symphony, na wakati huo wapigaji na waimbaji walikuwa wamefika kama mia mbili. Walikuwa wakijifunza simfoni ya tisa ya Beethoven, ile yenye kwaya mwishoni, tena kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuna nyumbani anayeisema. Mwaka 2013 chama cha Royal Philharmonic Society cha London kilimfanya Diangienda mwanachama wake wa heshima. Mwaka 2014 okestra yake ilikwenda Uingereza na kupiga pamoja na wanamuziki wa huko.

Ndugu zangu, mimi sikuwaletea habari hizi ili mseme, "Nasi tupige Beethoven." Tazameni lile jambo la fidla moja na watu wengi. Mtu angeweza kuchukua fidla zile chache, akawapa wenye vipaji, akapata kikundi kidogo kizuri kwa haraka. Diangienda alichagua njia ya polepole, kwamba kila anayekuja apate zamu. Ndiyo sababu watu wachache wakawa mia mbili. Na wale wa kwanza walipojua, wakawa waalimu wa wale waliofuata. Mwalimu pamoja na mwanafunzi, kama ilivyokuwa Yerusalemu.

Sasa turudi nyumbani. Kuna wanaosema kwamba sisi wa uwanda wa kati hatuna mapokeo ya muziki wa namna hii, kwamba okestra ni jambo la wenye mvua nyingi na fedha nyingi. Wanaosema hivyo hawajakaa usiku wa mbalamwezi katika kijiji cha Wagogo. Nani hajasikia nyimbo zao, ambapo mmoja huanza, wengine wakaingia kwa sauti zao, hii ikipanda na ile ikibaki chini, mpaka mgeni asijue wimbo umeanzia kwa nani? Nani hajaona akina mama wakipiga ngoma za muheme, kila mmoja na pigo lake, wala hawagongani? Zeze na marimba zikiingia, hiyo nayo ni okestra. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliichukua sauti hiyo akaizungusha katika dunia, na huko waliokwisha kusikia okestra kubwa walisimama kumpigia makofi.

Tena angalieni: katika nyimbo hizo hakuna mtu anayesimama mbele na kifimbo. Kiongozi yumo ndani, anaimba na wenzake. Anaongoza kwa sababu kila mmoja amezoea kumsikiliza jirani yake. Nadhani hii ndiyo siri ambayo hata waongozaji wakubwa wa Ulaya huitafuta. Kifimbo hakitoi sauti. Katika ukumbi mzima mwongozaji ndiye peke yake asiyetoa sauti. Kazi yake ni kuwafanya wengine wasikilizane, na akiisha kufaulu, wanamhitaji kidogo zaidi kuliko jana.

Kanisa letu nalo lilijifunza hapa. Dakta Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani, aliishi kati ya Wanyaturu na kuandika kitabu cha kitaalamu juu ya lugha yao, kisha akafundisha Makumira kwa miaka mingi. Yeye na wanafunzi wake walikusanya tuni za makabila yetu na kuzitia maneno ya Injili, na mkusanyo wa Tumshangilie Mungu ukatoka. Kwa hiyo tuni za Singida zimeimbwa mpaka Amerika na Ulaya. Lakini zimefika huko kwa sababu moja ya kawaida sana: kuna mtu aliyeziandika.

Hapo ndipo ninapoingia katika kosa langu.

Mimi niliongoza kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilitunga nyimbo, na nilizipokea nyingine nyingi kutoka kwa mzee aliyenitangulia, ambaye alizipokea kwa wazee wake. Sikuandika hata mmoja. Nota za Do-Re-Mi nilizijua, na baadaye nilijifunza nota za mistari mitano, ila niliona uvivu kuandika, na, niseme kweli, nilipenda kuwa mtu asiyeweza kukosekana. Mwanakwaya akisahau sauti yake alikuja kwangu. Nilikuwa mimi ndiye kitabu. Kijana fulani aliniomba mara tatu nimfundishe kuongoza. Mara zote tatu nilimwambia asubiri. Hakusubiri, alihama, na leo nasikia anaongoza kwaya nzuri mahali pengine.

Kisha niliugua. Nililazwa miezi miwili, wakati wa Kwaresima. Wanakwaya walipokutana kujiandaa kwa Ijumaa Kuu, waliukumbuka wimbo wa mzee kwa sauti ya kwanza tu. Sauti ya pili ilikumbukwa nusu. Sauti ya tatu na ya nne zilikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa na homa. Siku hiyo waliimba wimbo mwingine. Nilipopona nilijaribu kuwarudishia ule wa mzee. Sehemu moja, beti ya mwisho, sikuikumbuka tena sauti ya nne. Nilikaa usiku kucha nikiitafuta. Haikurudi. Mzee alikwisha kulala, na wale walioimba naye wamelala pia. Kitu ambacho watu wa usharika huu walikibeba kwa miaka mingi, katika njaa na katika mavuno, kimeangukia mikononi mwangu kikavunjika. Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi najua.

Bach alipokufa, karatasi zake zilibaki. Ndiyo maana Mendelssohn alikuwa na kitu cha kufufua. Mimi ningekufa siku zile, Mendelssohn wa usharika huu angezaliwa bure.

Sasa naja kwenye ombi. Baraza la wazee linafikiria matumizi ya sadaka ya jubilei. Najua liko pendekezo la kununua spika kubwa na mikrofoni. Sina ugomvi na spika. Wazee wenye masikio mazito kama mimi zinatusaidia. Lakini spika hukuza kile kilichopo. Kwaya isiyojua sauti zake, spika itatangaza kutokujua kwake mpaka stesheni. Na nimeona mahali pengine kwaya zikisimama mbele na kufuatisha midomo juu ya sauti iliyorekodiwa zamani. Ndugu, siku hiyo nani amemwimbia Mungu? Mashine?

Kwa hiyo nawaomba wazee waigawe sadaka hiyo. Sehemu moja iende kwenye spika, kwa kiasi. Sehemu ya pili iende kwenye kazi ya kukusanya nyimbo za usharika: tuwaendee akina bibi na akina babu waliobaki, tuwarekodi hata kwa simu za mkononi, kisha tuandike sauti zote nne, nakala moja ikae ofisini kwa mchungaji na nyingine dayosisini. Kazi hii haiwezi kungoja jubilei nyingine. Sehemu ya tatu iende kwenye darasa la nota kwa vijana, jioni mbili kwa wiki. Mvua zikianza najua wote tutakuwa mashambani kwa uwele na mtama. Basi darasa liwe zito miezi ya kiangazi na jepesi wakati wa kilimo. Tukumbuke wale wachuuzi wa Kinshasa, nao walikuwa na kazi. Yale matarumbeta yaliyo stoo, yenye vali zilizoshikana kwa vumbi, yatengenezwe. Ni machache, najua. Watapokezana.

Na kwenu waalimu wenzangu nina ombi ambalo halihitaji sadaka ya mtu yeyote. Kila mmoja wenu, kabla ya Jumapili ya jubilei, ataje mbele ya kwaya yake mtu mmoja anayemfundisha kushika nafasi yake. Mpeni wimbo mmoja auongoze, tena ibadani, ninyi mkiwa mmekaa katika sauti yenu mnaimba. Atakosea. Mwacheni akosee mkiwa hai, mnaweza kumsahihisha kwa upole. Mimi nilifikiri kumpa mwingine nafasi ni kujipunguza. Sasa najua kwamba mwalimu hupimwa siku asipokuwepo.

Kwa upande wangu nimeanza. Tangu nilipostaafu nimeandika nyimbo 41, kwa mkono unaotetemeka, katika madaftari haya mawili ninayoyakabidhi leo kwa mchungaji mbele yenu. Wimbo wa mzee umo. Katika beti ya mwisho, mstari wa sauti ya nne nimeuacha wazi. Sikutaka kubuni nikaweka jina lake juu ya kitu ambacho si chake. Kama yupo bibi au babu, katika usharika huu au katika mitaa ya mbali, ambaye baba yake aliimba sauti ya nne naye akawa akisikiliza, tafadhali aje kwangu. Nitampa kiti, nami nitaandika.

Mungu aliyetuimbisha kwa miaka mia atupe nasi kuwaimbisha watakaokuja. Amina.